Pasi Juu ya Kiraka

Fundi alishona katika chumba kilekile alichougulia baba yake. Cherehani ilikuwa dirishani, kitanda ukutani, na katikati meza ya kupigia pasi. Angefanyaje? Kazi haisubiri, na mgonjwa haachwi peke yake.

Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali ilisema wazi kuwa mzee hatapona. Yeye mwenyewe, fundi wa zamani, alikubali. Aliomba kitu kimoja tu.

"Kufa nitakufa, mwanangu. Lakini nisife napiga kelele. Wajukuu wananisikia."

Ndipo muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani akaleta kiraka cha dawa ya maumivu. Kilikuwa chembamba na laini. Alikibandika mgongoni, chini ya bega.

"Kitambaa gani hiki, dada?" Fundi aliuliza.

"Hiki hakikufumwa na mtu. Kimefumwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndani ya maji ya sukari. Kikasafishwa mpaka bakteria wote wakaisha, ndipo kikatiwa dawa. Hospitali yetu bado inakijaribu, na mzee amekubali. Dawa inapita kwenye ngozi polepole, siku tatu."

Mzee alicheka kwa shida. "Wanafuma na hawaombi uzi! Binti yangu, umepata wapinzani."

Muuguzi akaanza kueleza mambo yasiyotakiwa kufanywa mgonjwa akiwa na kiraka. Mara mteja akabisha hodi. Fundi akatoka kumpima, huku akiitikia tu, "Ndiyo, dada, nimesikia." Amesikia nini, jamani? Maneno ya dawa hayasikilizwi ukiwa mlangoni.

Siku ya tatu asubuhi kulikuwa na baridi, na mgongo ukamuuma mzee. Fundi akafanya kama alivyozoea. Alikunja kitambaa cha pamba, akakipiga pasi mpaka kikapata moto, akamkanda nacho mgongoni, juu ya kiraka.

"Aa, hapo hapo," mzee alisema. "Ongeza."

Akaongeza. Mara tatu.

Kufika saa sita mchana mzee alikuwa anakoroma. Fundi alifurahi. "Leo amelala, maskini," alijisemea, akaendelea kushona.

Muuguzi alipokuja kubadilisha kiraka, hata salamu hakutoa. Alimwita mzee, akamtikisa, akamfinya. Kimya. Midomo ilikuwa imepauka, na pumzi zilikuja moja moja, mbali mbali. Upesi akabandua kiraka, akamchoma sindano ya kuzuia dawa ile, akaita gari la wagonjwa.

"Nimemuua baba yangu?" Fundi alilia.

"Bado anapumua. Umemwekea nini hapa?"

"Joto tu! Joto la pasi."

"Joto linaharakisha dawa. Ya siku nzima inaweza kuingia kwa muda mfupi. Sasa nisikilize kwa masikio yote mawili. Usiweke kitu cha moto juu ya kiraka. Usikikate. Usibandike kipya kabla ya kutoa cha zamani. Akisinzia sana au akipumua kwa shida, kibandue, niite mara moja."

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku mbili, amekonda zaidi.

"Yaani umeninyoosha kama suruali," alisema.

Fundi alishindwa kucheka. Alimshika mkono akalia mpaka akachoka. Kisha akahamishia pasi barazani. Ukutani akabandika karatasi ya tarehe za viraka, na kila siku akahesabu pumzi za baba yake.

Mzee aliishi siku kumi na tisa zaidi. Aliwasimulia wajukuu mambo ya ujana wake, mengine ya uongo mtupu. Alfajiri moja akakata roho, kimya.

Fundi alibandua kiraka cha mwisho. Akakikunja, upande wa dawa ukae ndani, akakitia kwenye kopo la kumrudishia muuguzi, mbali na watoto. Akanawa mikono. Kisha akairudisha pasi chumbani, akanyoosha shati atakalozikwa nalo baba yake.

Binti yake mdogo akasimama kando ya meza.

"Mama, babu hakupiga kelele."

"Hakupiga, mwanangu," Fundi alisema, akageuza kola.