Sekela Atenganisha Analolijua na Analolikumbuka

Asubuhi moja mjukuu wangu Sekela alikata majani, akamlisha Ndaga, ng'ombe wetu wa maziwa. Hapa Lufingo nyumba yetu inamtegemea ng'ombe huyo. Lakini kwa muda mrefu Ndaga hakuonyesha dalili za joto, yaani za kutaka dume.

Mwanangu Erasto, baba yake Sekela, alimwita Daktari Hayashi, daktari wa mifugo kutoka Japani. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. Sekela alijifunza Kijapani chuoni, naye alikizungumza bila kigugumizi.

"Mwambie amchome sindano ya kumtia joto," Erasto alisema.

"Baba, daktari anauliza kama Ndaga ana mimba."

"Hana! Alipandishwa, joto likarudi. Nani asiyejua?"

Sekela akatafsiri, akamalizia, "Machigai arimasen." Maana yake ni kwamba hakuna kosa kabisa. Kisha akatazama chini.

Daktari alikuwa ameshika sindano. Akamwangalia Sekela, akamwuliza jambo kwa upole.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza, Babu, kama hilo ninalijua kweli au ninalikumbuka tu."

"Usinibishie mbele ya mgeni," Erasto akanong'ona.

"Erasto, nyamaza," nikasema. "Sekela, kusema kweli si utovu wa adabu. Jibu."

"Mlipokwenda msibani Masukulu, mimi nilibaki na homa. Nakumbuka kama niliona pikipiki ya mpandishaji, yule mtaalamu wa kuwatia ng'ombe mimba, hapa zizini. Sina hakika kama alimpandisha Ndaga tena au alipita tu."

"Basi mwambie hivyo hivyo," nikasema.

Sekela akamgeukia daktari na kumweleza. Akahitimisha, "Tashika, kita to omoimasu."

"Umesemaje?" nikauliza.

"Nikikumbuka vyema, nadhani alikuja."

Erasto akacheka. "Kumbe hata Wajapani wana maneno ya kubabaika!"

"Si kubabaika, Baba. Uliloliona kwa macho, sema 'machigai arimasen'. Unalolikumbuka tu, tanguliza 'tashika', umalizie 'to omoimasu'. Hapo daktari anajua la kupima."

Na kweli, daktari aliweka sindano chini. Akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono, akampima Ndaga polepole.

"Mimba," daktari akasema kwa Kiswahili. "Sindano, hapana. Mimba ingetoka."

Erasto akashika kichwa. "Ndaga fijo, mwanangu," akamwambia Sekela. Kwa lugha yetu hiyo ni asante sana, na ndilo neno tulilompa ng'ombe wetu kuwa jina.

Wakati ulipofika, Ndaga alizaa ndama jike mwenye nguvu. Daktari akaja kumtazama.

"Ndama amenyonya?"

"Amenyonya," Erasto akajibu. "Nimeona mwenyewe."

"Kondo la nyuma limetoka?"

"Tashika, limetoka alfajiri..." Erasto akasita. "Hapana, ngoja. Sekela ndiye aliyekuwepo. Sekela!"

Sekela akatoka jikoni akifuta mikono. Akamtazama daktari usoni.

"Limetoka lote, daktari. Machigai arimasen."