Kiungulia cha Fundi Vigae

Fundi vigae alikuwa na mtindo wake. Saruji ikishachanganywa haimsubiri mtu, kwa hiyo alikula kwanza. Alikula mara moja tu kwa siku, sahani imejaa pomoni, akashushia na kahawa. Kisha alikaza mkanda wa vifaa, akapiga magoti na kuinama mpaka jioni.

Wiki hiyo alikuwa akitandaza vigae katika zahanati mpya. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa kama hiyo, na Jumamosi zahanati ilikuwa ifunguliwe. Lakini Jumatatu kifua kiliwaka moto. Maji machachu yakampanda kooni.

"Mke wangu, huu ni moyo," alisema alipofika nyumbani, hofu imemjaa. "Nadhani ufundi ndio basi tena."

"Acha kujitabiria," alijibu mkewe. "Unajenga zahanati, halafu kutibiwa hutaki? Twende kwa jirani."

Jirani yao alikuwa muuguzi. "Maumivu ya kifua hayabahatishwi," alisema, akawapeleka kwa daktari jioni ileile. Moyo ulipimwa, ukaonekana mzima. Fundi nusura aruke kwa furaha.

"Ni kiungulia," muuguzi alimweleza. "Tumboni kuna asidi ya kusaga chakula. Wewe unashiba, unajikaza mkanda, halafu unainama. Sasa hiyo asidi ibaki chini kwa nini?"

"Kumbe najikamua mwenyewe kama chungwa."

"Ndiyo hivyo. Kula kidogo kidogo, mara kadhaa. Ukishakula, kaa saa mbili tatu kabla ya kuinama au kulala. Legeza mkanda. Kahawa na pilipili zikikuchokoza, punguza. Inua kitanda upande wa kichwa. Dawa meza kama daktari alivyoandika. Na ukishindwa kumeza chakula, ukitapika damu, ukipata choo cheusi, au maumivu yakishuka mkononi na jasho likikutoka, kimbia hospitali."

Fundi hakukawia. Aliinua kitanda kwa matofali, akahakikisha hakitikisiki.

"Nitateleza mpaka mlangoni," mkewe alilalamika huku akicheka.

"Afadhali uteleze wewe kuliko asidi ipande."

Kazini alianza kuchanganya saruji kidogo kidogo, apate nafasi ya kula na kupumzika. Jumatano moto ulipungua. Ijumaa kigae cha mwisho kikakaa mahali pake, na fundi akapiga makofi peke yake chumbani.

Jumamosi watu waliingia wakiisifu sakafu. Msimamizi wa ujenzi akamfuata fundi. "Kuna shule ina vyumba kumi. Utaviweza?"

Fundi akaanza kuhesabu vyumba kwa vidole. Mkewe, aliyekuja naye, akamjibia: "Ataviweza. Ila kwetu siku hizi kazi inasubiri chakula kishuke."