Jibu Ndiyo kwa Kila Swali

Siku ya kwanza Sitaki alipokubali kuoga bila kubembelezwa, mama yake alifurahi, na baadaye furaha hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Mtoto alikuwa na miaka mitano, na jina alilopewa alipozaliwa watu walikwisha kulisahau. Uji, sitaki. Viatu, sitaki. Kulala mchana, sitaki, na dakika tano baadaye yuko hoi kitandani. Mtaa mzima ulimwita Sitaki, na mama yake akawa Mama Sitaki, akalipokea jina hilo bila kinyongo. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Mezani kwake, kando ya dirisha la sebule, alichapa barua, ripoti na mitihani ya shule, tena kwa kasi ya ajabu: vidole vilimaliza mstari macho yangali katikati. "Macho ya nini?" alizoea kujigamba. "Vidole vinajua kazi."

Kompyuta aliachiwa na marehemu mumewe. Kiti pia, kile cha springi kilicholia kiii kila kilipokaliwa. Vyote viwili vilikuwa vizee lakini vilimlisha, mpaka shule iliyompa kazi nyingi ilipohamia mfumo mpya na mafaili yao yakagoma kufunguka kwake. Hapo akamwita mdogo wake, fundi wa kompyuta aliyeitwa Bisibisi kwa sababu hata harusini alikwenda nayo mfukoni.

Bisibisi akachomeka flashi yenye mfumo mpya. Kioo kikafikiri, kisha kikaandika: Kompyuta hii haifai kwa mfumo huu.

"Haifai kwa nini? Imekosa nini?"

"Uzee tu, dada. Huyu ni kama mlinzi wa getini. Anauliza: una kumbukumbu ya kutosha? Una kile kidude cha usalama? Umetengenezwa juzi? Akijibiwa hapana mara moja tu, anafunga geti."

"Basi nimekwisha."

"Hujaisha. Mlinzi simgusi, namwekea tu mtu wa kumjibia. Kila kitakachoulizwa ndani ya mashine hii, jibu ni ndiyo."

"Kila kitu? Na likija swali lingine?"

"Nani aulize swali lingine, dada? Jini?" Bisibisi akacheka mpaka akakohoa, akapiga kitufe, na mfumo mpya ukaingia.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mafaili yalifunguka, kazi zilitoka, na Mama Sitaki alimsifu mdogo wake kwa kila aliyepita. Kitu kimoja tu hakikumkaa sawa. Kila ilipofika saa nane mchana, wakati mtaa umenyamaza na mtoto amelala, kijisanduku cheupe kilichomoza katikati ya kioo, kikawa na maneno, kikajibiwa, kikatoweka. Hata yeye, pamoja na kasi yake, hakuwahi kukisoma.

Kisha ikaja harufu. Vumbi linaloungua, alidhani, mashine imechoka. Lakini chini ya harufu ya vumbi kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoshika moto, na ilipanda saa nane na kushuka saa tisa. Feni ya ndani nayo ikabadilika. Zamani iliunguruma mfululizo. Sasa ilivuta, ikatulia, ikashusha.

Na Sitaki akakubali kuoga. Kesho yake akala uji wote. Keshokutwa akavaa viatu mwenyewe, akasimama mlangoni akisubiri kuambiwa kingine.

"Umekuwa mtoto mzuri, eh?"

"Ndiyo."

"Unampenda mama?"

"Ndiyo."

"Na uji umeupenda, au umejikaza tu?"

"Ndiyo," mtoto alisema, akiwa anamtazama mama yake bila kupepesa macho, na Mama Sitaki akahisi baridi mgongoni saa nne ya asubuhi yenye jua.

Mchana huo aliweka simu yake mbele ya kioo, akarekodi video tangu saa nane kasorobo. Kijisanduku kilipokuja na kuondoka, alirudisha picha nyuma, akaisogeza polepole kwa kidole, akasoma.

Mwenye mashine hii amekufa? Ndiyo.

Nyumba ina nafasi? Ndiyo.

Mashine hii ni chakavu, inaniunguza. Humu ndani iko nyingine, changa? Ndiyo.

Inalala saa hizi? Ndiyo.

Naruhusiwa kuhamia? Ndiyo.

Alichomoa waya ukutani kwa nguvu hata soketi ikang'oka nusu. Kioo kikawa cheusi. Feni haikunyamaza. Ilivuta, ikatulia, ikashusha, na alipoinama kuweka sikio kwenye kasha la mashine akakuta kasha ni baridi na kimya kabisa, na sauti ile haitoki hapo bali nyuma yake, kwenye ukumbi mdogo, na alipoifuata ukumbini ilikuwa mbele zaidi, nyuma ya pazia la chumba cha kulala, ikivuta, ikatulia, ikashusha, na alipofunua pazia alimkuta mwanawe amelala chali, macho wazi, kifua kikiunguruma, na ngozi yake, alipoigusa, ilikuwa na joto lile kavu la mgongo wa kompyuta iliyowashwa tangu asubuhi.

"Mwanangu," alinong'ona. "Ni wewe?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu mwingine humo?"

"Ndiyo," alisema mtoto, kwa sauti ileile.

Bisibisi alipigiwa simu, akafika akihema, akaitazama ile video mara mbili. Ni yeye aliyekimbia kumleta Bibi Vifungo, mama mzee aliyeshona nguo asubuhi na kutoa majini mchana, mwenye sindano kifuani hata alipokuja kuganga. Mganga huyo alimshika mtoto kisigino, akanusa kichwa chake, akasomewa ile video neno kwa neno na kuelezwa habari za mjibu aliyewekwa ndani ya mashine.

"Jini huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Ameomba, akaruhusiwa, tena kwa adabu zote. Nikimfukuza kwa moshi leo, kesho atanionyesha ruhusa zake. Wewe kijana, huyo mjibu wako anatoka?"

"Anatoka, Bibi."

"Mtoe. Jini aulize upya, na mwenye nyumba amjibu mwenyewe. Na wewe, mwanangu, usome kwanza ndipo ujibu. Umenisikia? Usome kwanza."

Kesho yake mchana waya ukarudishwa, mashine ikawashwa, na mjibu akatolewa ingali inawaka. Bisibisi akampakata mpwa wake pembeni ya meza. Mama Sitaki akakalia kiti cha springi, kikalia kiii. Ilikuwa saa nane kamili. Kijisanduku kikachomoza na, mara hii, kikasubiri. Chini yake palikuwa na herufi mbili: N kwa ndiyo, H kwa hapana.

Nyumba ina nafasi?

Alisoma neno kwa neno. Akabonyeza H. Sitaki akapiga ukelele.

"Endelea," alinong'ona Bibi Vifungo.

Mashine hii ni yangu? H. Kuna nyingine, changa? H. Harufu ya nywele ikajaa sebule mpaka macho yakatoka machozi. Naruhusiwa kukaa? H. Naruhusiwa kurudi? H. Maswali yakaongeza kasi, na yeye akaongeza yake, maana mtoto alikuwa analia sasa, kilio chake mwenyewe, kile cha zamani, na kila H ilikivuta karibu zaidi. Niingie mchana? H. Niingie ndotoni? H. Niitwe kwa jina lake? H. Hakuna mpiga chapa mwingine ambaye angelihimili mwendo ule, na vidole vilijua kazi, H, na H, na H.

Kioo kikatulia. Feni ikaunguruma mfululizo, kama zamani. Harufu ikakatika.

"Mjomba, niache!" alifoka Sitaki, akijinasua. "Unanibana!"

"Tukaoge?" Bisibisi alimuuliza huku analia.

"Sitaki!"

Wakacheka wote, hata mganga. Bisibisi akauchomoa waya kwa furaha, asiione tena mashine ile. Mama Sitaki naye alikuwa akicheka, lakini macho yake, yaliyozoea kufika nyuma ya vidole, ndiyo kwanza yalikuwa yanafika kwenye mstari wa mwisho.

"Ametoka, mwanangu," Bibi Vifungo alimwambia mtoto. Kisha akamgeukia mama. "Swali la mwisho liliuliza nini?"

Mama Sitaki alikigeukia kioo cheusi. Mstari ule aliuona wazi kabla kioo hakijazimika, swali na jibu lake.

Mtoto huyu ni wako? Hapana.

"Washa," alisema. "Washa! Nilijibu vibaya, nirudishe nibadilishe!"

Bisibisi akauchomeka waya. Mashine ikaguna, ikafikiri, kisha ikaandika: Kompyuta hii haifai kwa mfumo huu. Alijaribu mara ya pili, na ya tatu. Mlinzi alikuwa getini, na hakukuwa na wa kumjibia.

Mama Sitaki akainuka, akapiga magoti sakafuni, akafungua mikono. "Njoo kwa mama," alisema. "Njoo, mwanangu, njoo kwa mama."

Sitaki alimtazama kwa haya, kama watoto wanavyowatazama wageni. Akampita. Akaenda mpaka kwenye kiti kitupu, akanyoosha mikono yote miwili juu, kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Mama," alisema.

Kiti kikalia kiii.