Nje ya Lango Kulikuwa na Kibanda Kimoja

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Msambweni, na kwa sasa sina kazi. Mwaka jana nilikuwa msemaji wa hoteli moja huko Galu. Msemaji! Nilisoma masomo ya jioni pale Ukunda, nikapata diploma ya uhusiano mwema, nikaitundika ukutani kwa fahari hata mijusi wakahama chumba.

Aliyenilea baada ya mamangu kufariki ni mama mdogo, Bi Mishi. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi nje ya lango la hoteli hiyo hiyo. Mbaazi zake... jamani, zingepatanisha nchi mbili zilizo vitani. Wafanyakazi, madereva wa tuktuk, hata wageni wengine walikula kwake.

Sasa sikilizeni. Kulifanyika harusi hotelini, na kesho yake wageni wakaanza kutapika. Friza la jikoni lilikuwa limeharibika, na samaki walipikwa hivyo hivyo. Mpishi alijua, meneja alijua, nami nilijua. Meneja akaniambia nisiandike uongo, ila nisilitaje jiko.

Nikatunga sentensi moja ya taarifa ya hoteli: "Baadhi ya wageni walikuwa wamekula chakula cha nje ya hoteli." Ilikuwa kweli, maana wawili walikuwa wamenunua mahamri kwa Bi Mishi. Nikajiambia, kwani nimemtaja nani? Niliiona sentensi ile safi kama kanzu ya Idi. Meneja akanipa mkono.

Lakini nje ya lango lile kulikuwa na kibanda kimoja tu... Nilikuwa na akili gani?

Kufika adhuhuri taarifa ilikuwa imezunguka simu zote za Diani. Dereva mmoja wa tuktuk akamtania, "Bi Mishi, leo mbaazi umetia nazi au sumu ya panya?" Bi Mishi naye akacheka. Kesho yake hakuna aliyecheka, wala aliyenunua. Maafisa wa afya wakaja, wakachukua chakula wakakipime, wakakifunga kibanda.

Jioni akaja kwangu. Hakujua taarifa ile imeandikwa na nani. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiwe msomi wetu. Niandikie maneno ya kunisafisha."

Nilimwitikia kwa kichwa. Asubuhi nikamsihi meneja tutoe taarifa ya kusahihisha. Akanijibu bila kuinua macho, "Kwani tulimtaja nani?"

Siku hiyo niliacha kazi, nikaenda kumwambia mama mdogo ukweli wote. Akaniuliza, "Uliandika ukijua mimi niko pale?"

"Nilijua, mama."

"Angekuwa mtu asiyenijua, nisingeumia hivi."

Niliandika habari ya friza kwenye makundi yale yale ya simu. Watu wakasema eti nina chuki kwa kuwa nimefukuzwa. Majibu ya maabara yakatoka: chakula chake hakikuwa na neno. Hayo hakuna aliyeyasambaza... Wateja hawakurudi, naye akahamia Msambweni, anauzia mlangoni kwake.

Ndugu zangu mnaoandikia makampuni, nawasihi: kabla hamjatoa sentensi isiyo na jina, tokeni nje mkaangalie ni nani amesimama pale. Mimi sikutoka. Siku hizi nikienda kwake nampa shikamoo, ananiitikia marahaba. Kisha anachukua karatasi ya kufungia mahamri na kuniuliza, kama anavyomuuliza mpita njia yeyote, "Nikupe mangapi, bwana?"