Sauti ya Nne ya Lukwele

Leonard alifika Kinole jua likiegemea mlima, begani kaning'iniza rekoda ya tepu, mfukoni ana karatasi mbili za mchezo.

Mwaka ule wa sabini na tano, kila Jumamosi vijiji vya ujamaa vilizunguka redio kumsikiliza Lukwele, shujaa anayetembea nyakati: leo yuko enzi za Mjerumani, kesho yuko kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. Kwa miaka tofauti waigizaji watatu walikuwa wamempa sauti. Sasa Josephina, msimamizi wa mchezo, aliwataka wote katika kipindi kimoja, Lukwele watatu wakutane uso kwa uso. Kijana ni Leonard. Gabrieli, mtu mzima, alikwisha kurekodiwa mjini. Amebaki Salehe, wa kwanza kabisa, aliyeacha kazi ghafla akarudi kwao mlimani.

"Hodi!"

Mlango ulifunguliwa nusu. Alikuwa Bi Shamsia, mke wa Salehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni habari za redio, mwanangu, shuka kabla giza halijaingia."

"Siwezi, mama. Kipindi ni keshokutwa."

"Mwache apite," ilisema sauti kutoka ndani. "Jina la Lukwele amekwisha kulitumia."

Chumba kilinukia mdalasini unaokaushwa. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... ya udongo mbichi, kama wa kaburi la leo.

Salehe alikuwa kwenye kigoda. Alinong'ona.

"Lukwele sikumtunga. Alikuwa mtu wa huku huku. Aliingia pangoni, hakutoka. Hakuzikwa, hakutambikiwa. Mimi nikalichukua jina lake nikalipeleka redioni. Tangu hapo anatafuta pa kutokea."

Leonard alicheka kidogo, kwa adabu, akabonyeza kitufe. Tepu ikaanza kuzunguka.

"Mimi ndiye Lukwele," alisoma.

"Hata mimi," alijibu Salehe. Hakuwa na karatasi.

"Hata mimi."

Ilitoka pembeni, gizani. Ilikuwa sauti ya Gabrieli. Na Gabrieli alikuwa mjini.

Tepu ikakwaruza...

"Hata mimi."

Sauti ya nne. Ya kizee, imekauka. Nywele zilimsimama Leonard, maana aliitambua.

Ilikuwa yake mwenyewe.

Aliruka mlangoni, akausukuma, akatoka mbio. Akajikuta chumbani. Salehe kwenye kigoda, tepu inazunguka. Akatoka tena. Chumbani. Mara ya tatu harufu ya udongo ilimjaa kooni, kuta zikawa baridi na zenye maji, kama za pango.

"Nimechoka, Leonard," sauti ilisema sikioni mwake. "Kaa wewe. Mimi nitoke."

"Taja jina lako!" Salehe alimnong'oneza. "La kwenu, ulilopewa na wazazi!"

Leonard alifungua kinywa.

"Lukwele," kinywa kikasema.

Alilia. Akamshika mzee magoti. "Nisaidie, baba."

Salehe akaivuta mikrofoni ya rekoda.

"Lukwele ni mimi peke yangu. Hawa wengine ni waigizaji tu."

Tepu ikakatika.

Mlango ulikuwa wazi. Nje jua lilikuwa bado limeegemea mlima, pale pale lilipokuwa. Salehe alifungua kinywa kusema neno, na hakikutoka kitu, hata pumzi ya kukohoa. Bi Shamsia alimfuta midomo kwa upande wa khanga.

"Nenda," alimwambia Leonard. "Ulichokitaka umekipata."

Mjini, Leonard aliomba tepu ichomwe moto. Josephina aliiunga, akaisikiliza, akafurahi mno. Jumamosi ikarushwa.

Barua zilimiminika. Wasikilizaji hawakumsifu kijana, wala mtu mzima, wala mzee Salehe, ambaye hakusema tena hadi alipokufa. Waliuliza habari za yule wa nne, anayelia mwishoni akiomba afunguliwe. Ni nani? Aongezewe nafasi! Mmoja, mkulima wa mboga wa Mgeta aitwaye Tomasi, aliandika kwamba kwake analia hata redio ikizimwa.

Leonard aliacha kuigiza mwezi ule. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na sauti laini ya kijana. Lakini miaka haisimami. Koo linakauka, maneno yanakwaruza, na kila mwaka anapomwita mkewe kutoka chumbani, anasikia sauti yake imeisogelea ile ya kizee ya kwenye tepu hatua moja zaidi.