Mstari Usiopuliziwa Dawa

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Paskazia aliinama katika shamba la majaribio kule Ushetu, akahesabu funza kwenye vitumba vya pamba. Miche mia mbili. Akimaliza, anaandika daftarini. Kesho tena, hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka 1977. Aliyemaliza kidato cha sita alifanya kazi kwanza, ndipo akaomba chuo kikuu. Paskazia alitaka udaktari. Aliomba kazi hospitalini, akapelekwa kwenye utafiti wa pamba. Aliomba uhamisho mara tatu, akaambiwa asubiri. Eustace, aliyesoma naye, alipata hospitali, na walipokutana gulioni alimtania.

"Daktari wa funza, wagonjwa wako hawajambo?"

"Wanakula vizuri," Paskazia alijibu, lakini moyoni alijiona kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi.

Mistari yote ya pamba ilipuliziwa dawa, isipokuwa mmoja. Huo uliachwa makusudi, funza waule. Majirani walicheka. Masele, baba yake mdogo ambaye Paskazia aliishi nyumbani kwake, hakucheka. Yeye aliumia.

Siku moja Paskazia alikuta mstari ule unanuka dawa. Masele alikuwa anaosha bomba lake la kupulizia dawa.

"Nimeuonea huruma, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Pamba inaliwa, na msomi anakaa kuhesabu tu?"

Paskazia alifungua daftari. Majaribio ya msimu mzima yameharibika, na mkuu wake, Bwana Theonest, ndiye wa kumwandikia barua ya chuo. Angeweza kubuni namba. Nani angejua? Alikaa na kalamu mpaka jua likawa kali, kisha akaandika: "Mstari huu umepuliziwa dawa leo kwa makosa. Hesabu zake kuanzia leo zisitumike."

Bwana Theonest alisoma, akamrudishia daftari. "Nitaandika ninachokijua," alisema tu, akaondoka.

Siku ya usaili wa chuo mjini Shinyanga, Paskazia aliingia na daftari mkononi. Daktari Lukresia, aliyekuwa akiwasaili waombaji, alimtazama juu ya miwani.

"Hujawahi kufanya kazi hospitalini?"

"Sijawahi."

"Kwa nini mliacha mstari mmoja bila dawa?"

"Bila huo, tungejuaje kama funza wameuawa na dawa, au na mvua?"

Daktari alichukua daftari, akafunua ukurasa wa siku ile ya makosa. "Hapa ungeweza kubuni."

"Ningeweza. Lakini mkulima angenunua dawa kwa kuniamini mimi."

Daktari akamsomea barua ya Bwana Theonest: "Msimu umeharibika, lakini maandishi ya binti huyu nayaamini."

Akaikunja. "Siku moja utampa mgonjwa dawa, apone, nawe utatamani kujisifu. Daktari mzuri huuliza kwanza kama kweli ni dawa iliyomponya, kisha huandika alichokiona, hata kama kinamwaibisha. Magonjwa tutakufundisha. Hili umekuja nalo kutoka kwenye pamba. Nafasi yako ipo."

Masele alipopata habari, alifurahi sana.

"Kwa hiyo bomba langu ndilo limekupeleka chuo?"

"Ni daftari, baba mdogo," Paskazia alisema. "Na mwakani, tafadhali, bomba lako liache ndani."