Mpangaji wa Mita Mbili

Kila asubuhi Chiriku alikuwa na kazi za kumaliza kabla ya kuvaa viatu vyake vya shule, ambavyo mama alikuwa amevijaza karatasi kwenye ncha kwa sababu vilikuwa vikubwa. Alipima chumvi ya maji ya tangi la samaki, akafidia maji yaliyokauka, akafuta kioo, kisha akamsomea bibi mahudhurio.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye madaftari tu. Nyumbani aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Tangi lilikuwa chumbani kwa bibi, juu ya kabati, mkabala na kitanda. Tangu bibi avunjike nyonga, hakutoka nje, na samaki wale wadogo wa maji ya chumvi ndio waliokuwa majirani zake. Aliwaita wapangaji.

"Wapangaji wangu wameamkaje?"

"Wote sita wapo, Bibi."

"Na Karani amefungua ofisi?"

Karani alikuwa samaki mwembamba kama kidole cha mtoto, mwenye mstari mweusi machoni kama miwani. Kila asubuhi alichungulia kutoka kwenye tundu la jiwe, akatazama kulia na kushoto, kisha akatoka. Bibi alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Siku moja rafiki wa Chiriku wa dawati moja alikuja kuwaona samaki hao waliosifiwa darasani. Akasogeza pua hadi kwenye kioo.

"Chiriku, hawa ni samaki au mbegu za tikiti?"

Maneno hayo yalimuuma Chiriku. Kwa hiyo bibi alipomwambia akachague mpangaji mmoja mpya, alijua anachotaka.

Jumamosi mama alimwacha kwenye duka la samaki wa mapambo, akaingia duka la dawa lililo jirani. Chiriku alimwona palepale: samaki wa bluu iliyoiva, mkia wa njano, mrefu kuliko Karani mara mbili.

"Huyu, shangazi!" alimwambia mwanamke aliyekuwa akiuza.

"Huyo ni kangaja, na bado mtoto," alisema muuzaji, akifuta mikono kwenye aproni. "Akikomaa anafika hapa." Alionyesha kutoka ncha za vidole hadi karibu na kiwiko. "Tena ni mkimbiaji, anataka nafasi. Tangi lenu lina urefu gani?"

Chiriku alilifuta tangi hilo kila siku. Lilikuwa na sentimita themanini.

"Mita mbili," alisema.

"Mbili kamili?"

"Na kidogo."

Mama alirudi muuzaji akihudumia mteja mwingine, akamtazama samaki kwenye mfuko wa maji. "Huyu hatakuwa mkubwa mno?"

"Amesema ndio saizi yake, Mama."

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Rafiki yake alikiri, "Haya, huyu sasa ni samaki." Lakini kangaja alikula, akanenepa, na muhula ulipokaribia kwisha alikuwa amejaza kiganja. Alipiga mkia mara tatu akafika kwenye kioo, akageuka, mara tatu tena, akageuka. Pua yake ilichubuka. Chakula kilipotiwa aliwafukuza wengine wote hadi pembeni. Karani akaacha kutoka.

Jumatatu, Chiriku akifagia nyuma ya kabati, ufagio ulivuta kitu kikavu kama jani. Alikiinua. Kilikuwa na mstari mweusi machoni.

Karani alikuwa amefukuzwa hadi akaruka nje kupitia upenyo wa mfuniko. Chiriku alimfunga kwenye karatasi ya daftari, akamtia kwenye pipa la taka.

"Karani yuko wapi leo?" bibi aliuliza.

"Amejificha, Bibi."

"Basi mtilie chake pale mlangoni, maskini. Asilale njaa."

Akatia. Jumanne akatia, Jumatano akatia, akikiangalia chakula kikizama kwenye tundu lisilo na mtu. Alhamisi, alipokuwa akifunga mkoba wa shule, alisikia kitanda kikilia. Bibi alikuwa amejiinua, mkono mmoja ukilitafuta kabati.

"Bibi! Daktari alikukataza!"

"Nataka kumwona mwenyewe. Labda anaumwa."

Goti likamkunjika. Chiriku alitupa mkoba na kumdaka kiunoni, na wote wawili wakaangukia kitandani.

"Hayupo!" Chiriku alilia. "Alikufa Jumatatu. Nilimtupa. Ni kosa langu, nilidanganya dukani!"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Alimlaza bibi vizuri, akamkagua mguu, kisha akasikiliza yote bila kukatiza. Mama kutokatiza lilikuwa jambo la kutisha.

"Bibi yako angevunjika tena," alisema hatimaye. "Kwa ajili ya samaki aliye kwenye pipa la taka. Ukitoka shule, lete ndoo."

Jioni hiyo muuzaji alimpokea kangaja na kumtia kwenye tangi refu lililoshika ukuta mzima. Kangaja alisimama kidogo, kisha akakimbia moja kwa moja, akakimbia tena.

"Mita mbili na kidogo, siyo?" muuzaji alisema. Chiriku aliinamisha kichwa.

"Tangi letu lina sentimita themanini, shangazi. Kuna samaki asiyezidi kidole hata akizeeka?"

"Hilo ndilo swali," muuzaji alijibu, akachukua wavu mdogo.

Njiani mama alisema, "Unanilaumu kila mwaka kwa hivyo viatu."

"Vinapwaya, Mama."

"Vinapwaya kwa sababu mguu unakua, nami nakununulia nikiujua wa kesho. Wewe ulimpa samaki nyumba ya leo tu. Ukileta kiumbe nyumbani, uliza atakuwa nani akikomaa, halafu umjibu anayekuuliza kwa ukweli. Muuzaji angekusaidia kama ungemwambia themanini. Na bibi angelia Jumatatu, basi, asingeinuka Alhamisi."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alifuta kioo, akasimama mbele ya kitanda.

"Wapangaji wangu?" bibi aliuliza.

"Sita, pamoja na mgeni." Alikunja kitambaa. "Karani hayupo, Bibi."

Bibi alilitazama tundu la jiwe.

"Hayo ndiyo mahudhurio," alisema. "Haya, vaa viatu."